Kipoza Kipya kwenye Ubao Mdogo: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zimekuja na jambo moja. Wasomaji wamejenga kompyuta zao juu ya ubao mama mdogo (bao la saketi linalounganisha vijenzi vyote), hasa wa kipimo cha Mini-ITX, ambacho kampuni ya VIA ya Taiwani ilikitoa mwaka 2001 na ambacho ni milimita 170 kwa 170 tu, kisha wametaka kuondoa kipoza (chuma chenye mapezi, kwa kawaida na feni, kinachoondoa joto) kilichokuja na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na kufunga kingine walichokinunua pembeni. Ubao wa kawaida wa ATX una milimita 305 kwa 244, na nafasi hiyo humsitiri fundi katika makosa mengi. Ubao mdogo haumsitiri, kwa sababu soketi, yaani kikalio cha prosesa, imebanwa na vijiti vya RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) upande mmoja, vipande vya chuma vya kupoza saketi ya umeme upande mwingine, na tundu la kadi ya picha chini yake. Tumechagua barua saba na kuzifupisha bila kubadili maana.

Nina ubao wa Mini-ITX wa soketi ya LGA1700 na prosesa ya Core i5-12400. Nilikuwa na kipoza kizuri nilichokitoa kwenye kompyuta ya zamani ya LGA1150, chenye miguu minne ya plastiki ya kusukuma. Miguu miwili inaingia, miwili inagoma. Fundi wangu anashauri tuyapanue matundu ya ubao kidogo kwa drili. Je, kuna hatari? — Msomaji, Dar es Salaam

Hatari ipo, tena kubwa. Mwombe fundi airudishe drili yake sandukuni. Ubao mama si kipande kimoja cha plastiki, bali ni tabaka kadhaa zenye njia nyembamba za shaba, zilizogandamizwa pamoja hadi zikaonekana kitu kimoja. Na katika ubao mdogo, ambamo njia zote zimelazimika kupita mahali pafinyu, baadhi yake hupita karibu kabisa na ukingo wa matundu hayo. Ukila milimita moja tu unaweza kuikata njia ya RAM, au kuzigusanisha tabaka mbili ambazo hazikupaswa kugusana, na kasoro ya namna hiyo hairekebishiki kwa bei ya maana.

Sababu ya miguu kugoma ni hesabu ndogo. Katika soketi za Intel za LGA1150, 1151, 1155, 1156 na 1200, matundu manne hufanya mraba wa milimita 75. Soketi ya LGA1700, iliyoingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2021, iliupanua mraba huo hadi milimita 78, na LGA1851 iliyoifuata imebaki na kipimo hichohicho. Tofauti ya milimita 3 haionekani kwa jicho, ndiyo maana watu wengi hudhani kwamba miguu ni migumu tu na kwamba inahitaji nguvu zaidi.

Lipo na jambo la pili ambalo halitajwi mara kwa mara. Prosesa ya LGA1700 ikishafungwa soketini hukaa chini kuliko za zamani kwa takribani milimita moja. Kwa hiyo hata kipoza cha zamani ambacho mabano yake yana matundu marefu, kikaingia bila taabu na kuonekana kimekaa sawasawa, huenda kinaigusa tu prosesa bila kuibana. Kompyuta itawaka vizuri, nawe utafurahi, na dakika chache baada ya kuipa kazi nzito joto litapaa.

Ulizia kwanza kama mtengenezaji wa kipoza chako anauza mabano ya LGA1700 peke yake. Noctua ya Austria, kwa mfano, hutoa mabano mapya kwa vipoza vyake vingi vya zamani. Yakikosekana, muuzie kipoza hicho mwenye ubao wa kizazi chake. Nami naongeza maoni yangu, ambayo si lazima uyakubali: miguu ya plastiki ya kusukuma siipendi kwenye ubao mdogo, kwa kuwa kuisukuma huupinda ubao ukiwa umeegemea vifungo vinne tu vya kasha, na mguu mmoja ukifyatuka nyuma bila kuonekana, kona moja ya kipoza huinuka. Kipoza cha skrubu na bamba la nyuma, lile linalokaa mgongoni mwa ubao, kina utulivu zaidi.

Kasha langu ni jembamba na ubao ni wa LGA1700 kama huo, wenye prosesa ya i5-12400. Muuzaji ananiambia kwamba kipoza chochote kifupi kitaingia. Nifanyeje ili nisirudi dukani mara mbili? — Msomaji, Mombasa

"Kifupi" si kipimo. Kipoza cha Noctua NH-L9i kina kimo cha milimita 37 pamoja na feni yake, Thermalright AXP90-X47 kina milimita 47, na Noctua NH-L12S kina milimita 70. Vyote vitatu huuzwa kwa sifa hiyohiyo ya ufupi, na cha tatu kinakaribia kuwa mara mbili ya cha kwanza.

Chukua rula ya chuma. Ubao ukiwa ndani ya kasha na prosesa ikiwa soketini, pima kuanzia uso wa juu wa prosesa hadi pale ambapo kifuniko cha kasha kitakaa. Usianzie kwenye ubao wenyewe, kwani prosesa imeinuka juu ya ubao kwa milimita saba hivi, na milimita saba katika kasha jembamba ni mali. Katika kipimo ulichokipata, punguza angalau milimita tano, kwa kuwa feni inayovuta hewa kutoka juu haiwezi kupumua ikiwa imegandana na bati. Kama kifuniko hakina matundu mahali hapo, punguza zaidi, au tafuta kasha jingine kabla hujatafuta kipoza.

Kimo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni upana, nayo ndiyo inayowarudisha watu dukani. NH-L9i ina milimita 95 kwa 95, na ilibuniwa makusudi isitokeze juu ya RAM wala juu ya tundu la kadi. Vipoza vipana zaidi hutokeza. Kijiti cha RAM kisicho na mapambo kina kimo cha milimita 31 hivi, lakini vile vyenye mapezi ya chuma na taa hufika milimita 40 na kupita, na kipoza kinachopita juu ya cha kwanza kitagonga cha pili. Mimi hukata kipande cha kadibodi chenye ukubwa wa kipoza kilichoandikwa katika maelezo ya mtengenezaji, nikaweka alama ya katikati, nikakishika juu ya soketi kwa kimo ambacho mapezi ya kipoza yataanzia, kisha nikakizungusha pande zote nne. Kwa kadibodi ya bure utaona kama kipoza kitagonga RAM, kipande cha chuma cha saketi ya umeme, au plagi ya umeme wa prosesa ambayo katika mbao nyingi ndogo iko ukingoni kabisa. Vipoza vingine hukataa upande mmoja na kukubali mwingine.

Ugeuze ubao pia. Mbao nyingi ndogo zina SSD ya M.2 (diski ndogo bapa ya kuhifadhia data) mgongoni, na zina vijenzi vidogo vilivyobandikwa nyuma ya soketi; bamba la nyuma lisilo na ngozi ya plastiki likivilalia, hupiga shoti mara tu unapowasha. Na kama SSD iko mbele, chini ya mahali ambapo kipoza kitatokeza, ifunge kabla ya kipoza, vivyo hivyo plagi ya umeme wa prosesa, kwa sababu baadaye kidole hakitapita.

Kuhusu joto la kwenu: hakuna kipoza cha feni kinachoweza kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Kazi ileile iliyoipandisha prosesa hadi nyuzi 70 katika chumba chenye nyuzi 22 itaipandisha karibu na nyuzi 80 katika chumba chenye nyuzi 32. Prosesa yako imeandikiwa wati 65, lakini ikiachiwa hufika wati 117 kwa muda, na kipoza cha milimita 37 hakina chuma cha kutosha kubeba wati hizo. Ingia katika BIOS (programu ya mipangilio iliyomo ndani ya ubao), tafuta vikomo vya nguvu vya prosesa, na uviweke vyote viwili katika wati 65. Kasi utakayoipoteza katika kazi za ofisi hutaigundua. Kelele itakayopungua utaigundua usiku wa kwanza.

Nilipovuta kipoza cha zamani kwenye ubao wangu wa AM4 (soketi ya prosesa za AMD), prosesa yangu ya Ryzen 5 5600G ilitoka nacho, imenata chini yake, ingawa kitasa cha soketi kilikuwa kimefungwa. Pini tatu zimepinda. Je, prosesa imekufa? — Msomaji wa kike, Mwanza

Pole sana, dada. Haijafa mpaka pini ikatike, na pini iliyopinda bado ni pini. Ilaze prosesa juu ya meza safi, pini zikitazama juu, mahali penye mwanga mkali. Chukua kalamu ya risasi ya kubonyeza ya nusu milimita, itoe risasi, uvishe mdomo wake mtupu juu ya pini, kisha uinyooshe kidogo kidogo huku ukiilinganisha na mstari wa wenzake kwa kutazama kutoka ubavuni. Usiirudishe nyuma na mbele, kwani madini hayo huchoka haraka. Ukimaliza, prosesa inapaswa kuzama soketini kwa uzito wake wenyewe; ikikataa, usiisukume, irudishe mezani.

Kilichotokea kina sababu. Soketi ya AM4, iliyoanza mwaka 2016, hushika prosesa kwa pini zake tu bila fremu ya chuma juu yake, na pesti ya joto (dawa laini inayopakwa kati ya prosesa na kipoza ili joto lipite vizuri) iliyokauka kwa miaka miwili au mitatu hushika kuliko pini hizo. Siku nyingine, kabla ya kufungua skrubu, washa kompyuta uifanyishe kazi kwa dakika kumi ili pesti ilainike. Zima, chomoa waya wa umeme, kisha zungusha kipoza taratibu kushoto na kulia mpaka ukisikie kinateleza. Hapo ndipo unakiinua, kwa kukiinamisha upande mmoja na si kwa kukivuta wima.

Kwa kuwa unafunga kipoza kipya, angalia na jambo hili. Katika AM4, ukifungua skrubu nne za mabano ya plastiki, bamba la nyuma la ubao huanguka, kwa sababu skrubu hizo ndizo zilizolishika. Liegemezee kitu laini kabla hujaanza. Katika AM5, iliyotoka mwaka 2022, matundu yameachana kwa vipimo vilevile vya milimita 54 kwa 90, lakini bamba la nyuma linaishika soketi yenyewe na halipaswi kuondolewa. Kwa hiyo kipoza cha AM4 kinachokuja na bamba lake hakiingii AM5 ingawa matundu yanafanana. Noctua NH-L9a-AM4 ni mfano wa wazi: kwa AM5 ilibidi kampuni itoe seti nyingine ya mabano na toleo jipya la kipoza hichohicho.

Pesti kiasi gani? Mmoja ananiambia tone, mwingine ananiambia nipake kama siagi. — Msomaji, Tanga

Tone lenye ukubwa wa punje ya njegere, katikati, kisha kipoza chenyewe kikitandaze kwa mbano wake. Kwa prosesa ndefu za LGA1700, tone refu kidogo linalofuata urefu wa prosesa linafaa zaidi. Ukizidisha pesti ya kawaida hutaua kitu, utachafua tu. Ukipunguza sana, kona zitabaki tupu. Pesti ya zamani ifute kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, pande zote mbili. Usiguse pesti ile ya metali ya maji: inapitisha umeme, ina galiamu inayoila alumini, na juu ya ubao mdogo tone lililotiririka halina mahali pa kwenda isipokuwa kwenye vijenzi.

Na ngozi ya plastiki iliyobandikwa chini ya kipoza kipya iondolewe. Nimewahi kuletewa kompyuta "iliyochoka" ambayo ugonjwa wake ulikuwa ngozi hiyo, na mwenyewe alikuwa ameshanunua feni mbili za kuongeza.

Nilifunga kipoza kipya mwenyewe kwenye ubao wa LGA1700. Joto ni zuri kabisa, lakini kompyuta sasa inasoma GB 8 za RAM badala ya 16. Je, niliharibu RAM? — Msomaji, Nairobi

Huenda hukuharibu chochote. Anza na lililo jepesi: zima, chomoa umeme, toa vijiti vyote viwili uvirudishe mpaka usikie vishikio vikilia, na uangalie kama kipoza au waya wa feni unakisukuma kijiti kimoja kikakaa upande. Kisha badilishana nafasi zao. Ikiwa kila kijiti kinasomeka katika tundu la kwanza na hakuna kinachosomeka katika la pili, basi tatizo liko chini ya kipoza.

Prosesa ya LGA1700 haina pini. Soketi ndiyo yenye vidole 1,700 vya chuma vyenye springi, na prosesa hubanwa juu yake. Kidhibiti cha RAM kiko ndani ya prosesa yenyewe, kwa hiyo kundi moja la vidole hivyo ndilo njia ya tundu lako la pili. Kipoza kilichokazwa zaidi upande mmoja huiinamisha prosesa, au huupinda ubao, kwa kiasi ambacho huwezi kukiona, na vidole vya upande uliolegea hukosa mguso. Kompyuta haizimi, inakuondolea tu nusu ya RAM. Wapo mafundi ambao wameuza RAM mpya kwa wateja wenye tatizo hili, nao walidhani wanasaidia.

Legeza skrubu zote nne. Toa kipoza, safisha pesti, na utazame soketi kwa tochi bila kuigusa kwa kidole wala kitambaa, ili uone kama kipo kidole kilichopinda. Kama mistari yote inang'aa kwa mpangilio mmoja, rudisha prosesa, weka pesti mpya, na ukae na bisibisi kwa utulivu: ingiza kila skrubu kwa mkono mizunguko miwili au mitatu mpaka zote zishike, kisha kaza kwa mshazari, mzunguko mmoja kwa skrubu hii, mmoja kwa iliyo kona ya mkabala, halafu jozi ya pili, na uendelee hivyo mpaka mwisho. Vipoza vingi vizuri vina skrubu zenye kituo, ambazo zikifika hukataa kuzunguka. Hapo ndipo mwisho, na nguvu ya ziada haileti ubaridi wa ziada. Kama za kwako hazina kituo, simama pale springi zinapokuwa zimebonyea sawa pande zote. Pete ndogo za plastiki (washa) zilizomo ndani ya kifuko usizitupe kwa kudhani ni za akiba, kwa kuwa ndizo zinazotenga kichwa cha skrubu na njia za shaba zilizo chini yake.

Skrubu za vipoza vingi vifupi huingia kutokea mgongoni mwa ubao, kwa hiyo usijaribu kuvifunga ubao ukiwa ndani ya kasha. Utoe, uulaze juu ya boksi lake, fanya kazi mezani.

Nimenunua kompyuta ndogo iliyotumika, ya ofisini, na ninataka kuifungia kipoza cha kimya. Plagi ya feni hailingani. — Msomaji, Arusha

Mashine nyingi za ofisini hazifuati utaratibu wa ubao wa dukani. Katika baadhi yake kipoza hufungwa kwa skrubu zinazoshika kwenye kasha lenyewe, na plagi ya feni ina pini tano, au ina nne zilizopangwa kwa namna nyingine. Plagi ya kawaida ina pini nne kwa mfuatano huu: hasi, volti 12, ishara ya kasi, na amri ya kasi. Usikate waya na kuuunganisha kwa kubahatisha rangi, kwani volti 12 zikiingia kwenye pini ya ishara ubao unaweza kuungua. Zinauzwa nyaya za kugeuza plagi zilizotengenezwa kwa mfano maalumu wa mashine. Tafuta ya mfano wako hasa. Ikiwa feni mpya inazunguka polepole kuliko ile ya zamani, mashine inaweza kulalamika kila unapoiwasha kwamba feni imekufa. Kwa mashine ya aina hii mimi huishia kuisafisha vumbi, kuibadilishia pesti na kuiacha na kipoza chake.

Ubao wangu una prosesa ya Intel N100 iliyolehemewa, na kipoza kidogo kisicho na feni. Naweza kuweka kikubwa zaidi? — Msomaji, Kisumu

N100 ni ya wati 6, na kipoza kilichokuja nayo kwa kawaida kinatosha. Kama joto linakusumbua, feni ndogo inayoupulizia ubao kwa upole itafaa kuliko kipoza kipya. Ukishikilia kubadilisha, jua kwamba prosesa hii haina kifuniko cha chuma kama zile za soketi: kinachogusana na kipoza ni silikoni yenyewe, kigae kidogo kinachong'aa ambacho kona zake huvunjika kipoza kikitua kwa kuinama. Matundu yake nayo mara nyingi hayafuati mraba wa milimita 75 wala 78, kwa hiyo yapime kutoka katikati hadi katikati kabla ya kuagiza chochote. Teremsha kipoza wima, kikiwa sambamba na ubao, na usikitikise kutafuta matundu kikiwa kimeshagusa. Kikikosea, kiinue wima uanze upya.